Neno la Siri la Mama Loth

Myamba,
3 Machi 2024

Mwanangu Irine,

Pokea salamu za huku milimani, na baridi yake ukaichanganye na joto lenu la Mpanda. Mimi nipo. Mguu unalalamika nikipanda, nikishuka unanyamaza. Tangawizi za shamba la juu zimeshika vizuri, za chini zimeoza kwa maji. Ng'ombe amezaa dume, tumempokea hivyo hivyo. Mzee Asheri, yule mzee wa kanisa anayesoma matangazo, anakusalimia sana na anauliza kama huko wameshakuposa au bado wanakutazama tu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita nilishuka Same kwa Elinaza, yule dada wa steshenari anayenifungulia ile barua pepe uliyonitengenezea ulipokuwa chuo. Akaandika neno la siri, mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Nikamwambia labda vidole vyake vimechoka, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Imesema neno limebadilishwa. Nani kalibadilisha? Mimi mwaka huu sijabadilisha hata pazia.

Jumapili yake mke wa mchungaji akanishika mkono mlangoni: "Mama Loth, pole, nimepata ujumbe wako kwamba umelazwa na unahitaji msaada." Nimesimama mbele yake na kitenge changu, ananipa pole ya kulazwa. Si yeye peke yake, wengine wanne wameupata.

Irine, unajua kaka yako Loth hana njia nyingine ya kunipata. Tangu aingie Sauzi bila karatasi, simu haikai mikononi mwake. Leo kaibiwa, kesho kakimbia na kuiacha. Hiyo anwani ndiyo aliyoishika kichwani. Krismasi aliandika: "Mama, nahama hapa nilipo. Nikitulia nitakuandikia hapa hapa." Basi, hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyo nayo. Akiandika sasa, anayesoma ni nani?

Usinipigie. Kuna mtu alinipigia akasema yeye ni Loth, ana mafua ndiyo maana sauti imekauka. Nilimwita mwanangu, nikalia, mpaka alipoanza kuniuliza namba za siri. Sitaki tena sauti ya mtu nisiyemwona. Mwandiko wako naujua na wangu unaujua, tuandikiane. Kondakta wa basi la Dar ameahidi kuifikisha hii kwa wenzake wa Mpanda.

Nirudishie barua za mwanangu.

Mama yako mkubwa,
Yudith


Mpanda,
31 Machi 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Barua yako imefika imekunjamana kama mtu aliikalia kutoka Dar, lakini imesomeka yote. Nafurahi kwa ng'ombe na nasikitika kwa tangawizi. Mimi nafundisha darasa la pili, watoto wamejaa mpaka wengine wanaandikia mapajani. Mwambie Mzee Asheri wanaonitazama ni wengi, wa kuposa ndio hawaonekani.

Pole, mama. Nimejaribu kuingia kwa simu yangu, nami nimekataliwa. Mtu ameingia akabadilisha neno la siri, na sasa anawaandikia watu kwa jina lako. Ili turudishiwe, wenye mtandao wanataka kutuma tarakimu kwenye namba ya simu niliyofungulia. Namba hiyo ilikuwa yangu ya chuoni na niliitupa zamani. Nimeipiga, anayo mtu mwingine kabisa, tena mkali. Imebaki njia moja: nilijaza anwani ya akiba, ile tuliyopewa chuoni. Nimewaandikia chuo wanifungulie. Si jambo la wiki moja.

Ila nijibu hili moja, tafadhali. Neno la siri ulimwambia nani zaidi ya Elinaza? Usimfiche hata kama ni mtu wa nyumbani.

Kuhusu Loth, usiwaze sana. Huenda hata hajaandika bado.

Binti yako,
Irine


Myamba,
28 Aprili 2024

Mwanangu Irine,

Marahaba. Barua yako ilikaa Same, barabara ilikuwa imekatika. Masika ya mwaka huu yamekuja na hasira. Udongo umeteremka ukafunga njia, watu wamekula makande asubuhi na jioni kama tuko kwenye msiba. Dume la ng'ombe linakua. Mguu ni ule ule.

Umesema huenda Loth hajaandika bado. Neno hilo nililisoma mara nyingi na sijajua kama ulitaka kunifariji au kunimaliza. Mtoto huyu tangu aondoke hajapitisha Pasaka bila kuniandikia. Pasaka imepita. Kama hajaandika ana nini? Na kama ameandika, ameyasoma nani?

Hilo neno la siri lilikuwa jina la babu yako, na jina la babu yako huku nani asiyelijua? Hata mbuzi wanalijua. Basi usinisumbue na hilo.

Chuo wamesemaje?

Mama yako mkubwa,
Yudith


Mpanda,
2 Juni 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Huku tumefunga shule, vumbi limeanza. Nimeugua malaria, nimepona. Chuo wamenijibu kwamba mtu wa mitambo yuko likizo. Nimewaandikia tena.

Mama, nimempigia Elinaza. Aliuma maneno kwanza, halafu akasema. Anasema neno lako la siri lilitangazwa kanisani. Nilimuuliza kama nimesikia vizuri. Anasema Mzee Asheri alilisoma katika matangazo, baada ya habari ya kwaya na kabla ya mnada wa mazao, anwani na neno lake, herufi moja moja, na watu wakatoa kalamu wakaandika.

Mama mkubwa! Sisi Wapare tunaosemwa tunapelekana mahakamani kwa ajili ya kuku, leo ndio tunagawa funguo za nyumba madhabahuni? Watu mia tatu! Nikuulize umemwambia nani, unanijibu habari za mbuzi? Nimehangaika miezi mitatu kumtafuta mwizi mjanja wa mjini, kumbe hakuhitaji hata ujanja. Alihitaji kuja ibadani tu.

Samahani kwa ukali huu. Nimelia kabla ya kuandika na bado nina hasira.

Irine


Myamba,
30 Juni 2024

Irine,

Marahaba. Ukungu umeshuka, hata jirani simwoni. Wote ni wazima.

Si kwa kuona haya nilikuficha. Nilinyamaza kwa sababu nilijua utasema hivyo ulivyosema. Sasa nisikilize na mimi.

Ng'ombe wangu alipopotea, nilitangaza kanisani, na kabla jua halijazama aliletwa. Baba yake Loth alipougua, tulitangaza, na vijana wakambeba kwa machela mpaka barabarani. Shamba likiungua tunatangaza. Mtoto akikosa sare tunatangaza. Mimi mguu wangu hauniruhusu kushuka Same zaidi ya mara moja kwa mwezi, lakini kila siku kuna mtu wa usharika anashuka. Nikaona, yeyote atakayeshuka anitazamie tu kama mwanangu ameandika, aje aniambie. Mficha uchi hazai. Nilimwomba Mzee Asheri alisome polepole ili hata wasioona vizuri waandike. Na walinitazamia, Irine! Ile barua ya Krismasi aliiona mama wa kwaya akapanda nayo mlima mzima ameikariri, akanighania mlangoni neno kwa neno. Wewe huko kwenu nani anakariri barua ya mtoto wa mwenzake?

Sasa mambo yameharibika. Neno limezagaa kwamba mwizi ni mmoja wetu. Mke wa mchungaji hakai tena karibu na mtu. Mzee Asheri ameacha kusoma matangazo; anasema kinywa chake ndicho kilichoniibia. Vijana wenye simu kubwa wanatazamwa vibaya, na mmoja amehama. Mimi huyo mwizi sitaki kumjua. Nikimjua nitamchukia, na yawezekana nilimfundisha shule ya Jumapili.

Sijali tena nani alifungua. Nataka kujua mwanangu alisema nini.

Yudith


Mpanda,
18 Agosti 2024

Mama mkubwa mpendwa, shikamoo.

Sijui nianze na lipi. Mimi ni mzima, na shule imefunguliwa. Ningekuwa na nauli ningekuja nikukalie karibu kuliko kuandika haya. Tafadhali, ikikufika usiisome peke yako. Mwite Mzee Asheri.

Chuo walinifungulia, nikapata tarakimu, nikaingia. Akaunti imerudi mikononi mwetu na nimebadilisha kila kitu. Mwizi alikuwa amefuta barua, lakini zilibaki kwenye kapu la taka. Nimezisoma zote. Nilikaa nazo wiki mbili nikitafuta namna ya kukuambia na namna haikupatikana.

Loth aliandika Februari. Alisema amefika salama, amepata kazi ya kupaka rangi nyumba, na akauliza mguu wako. Mwizi akamjibu kwa jina lako, mama. Akamwita mwanangu. Akamwambia umelazwa mjini, atume chochote. Loth akatuma. Akaambiwa hali imezidi, akatuma tena. Pasaka aliandika kwamba ameuza koti na viatu vya kazi na hana kingine.

Alipoishiwa, ndipo mwizi akamwandikia kwamba umefariki.

Umefariki, mama. Ndivyo Loth ajuavyo tangu Mei. Aliombwa mchango wa mazishi, na Watanzania wenzake walichanga. Juni aliiandikia ile anwani yako barua ambayo nakunakilia, kwa kuwa ni yako:

"Mama, najua husomi. Nakuandikia hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kukuitia. Tumekaa matanga siku tatu kwenye chumba tunacholala watu sita, wakaniimbia nyimbo za kwetu nusu nusu, kila mtu na alichokumbuka. Nimenyoa nywele. Nilikuwa najikusanya nirudi, sikukuambia kwa sababu nilitaka nikushtue. Sasa nirudi kwa nani? Nisamehe kwamba sikukutupia udongo."

Nilimwandikia siku ile ile niliyozisoma. Nikamwambia u hai, yeye amedanganywa, ni mimi Irine. Nikamtumia sauti yako na picha zako. Akajibu: "Mlimzika, sasa mnamfufua kwa sababu fedha zimewaishia? Picha na sauti zake zilikuwa humo humo, mnazo zote. Msinitumie tena, sifungui, sina moyo wa kumwona. Kama mna utu hata kidogo, nitumieni picha ya kaburi lake tu, nijue amelala karibu na baba."

Nimemwandikia mara nyingi tangu hapo. Hajibu. Hataniamini mimi, mama. Barua ya kifo chako iliandikwa kwa jina langu. Kwake yeye, mimi ndiye niliyemletea msiba na mimi ndiye niliyeula mchango.

Niambie nifanye nini.

Irine


Myamba,
1 Septemba 2024

Mwanangu Irine,

Marahaba. Mzee Asheri alinisomea, akafika katikati akashindwa, nikamalizia mwenyewe.

Sijui mtu aliyekufa anatakiwa kufanya nini siku hiyo. Mimi nilipalilia tangawizi. Nilipita njiani watu wakanisalimia nami nikaitika, nikawa nafikiri, hawa wanamsalimia nani? Mwanangu amenyoa kichwa kwa ajili yangu nami nilikuwa jikoni namenya viazi. Nimelia mpaka kifua kimeuma. Nawe ulibeba hili wiki mbili peke yako, na jina lako juu yake. Pole, binti yangu.

Lakini ameomba picha ya kaburi, na hiyo ataifungua. Basi tumpe. Unajua baba yake alivyozikwa hapa nyuma ya nyumba, na mkono wake wa kulia tukaacha nafasi yangu, tukaizungushia mawe. Loth mwenyewe aliyapanga mawe hayo. Mzee Asheri amepapiga picha kwa simu yake leo asubuhi. Majani yamejaa, udongo haujaguswa na jembe. Mimi sikusimama kwenye picha, ili asiogope kuifungua. Atamwona baba yake, ataona pangu patupu, na mtoto yeyote wa mlimani akiona hivyo anaelewa. Hakuna mwizi anayejua mahali pale.

Mzee ataituma kwenye simu yako kesho akishuka Same. Itume kwa Loth, na umwandikie maneno haya tu: "Hapa ndipo pa mama yako. Tazama majani."

Tangu barua yako, leo ndiyo mara ya kwanza nimekula.

Yudith


Mpanda,
29 Septemba 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Picha ilifika, nikaituma siku hiyo hiyo na maneno yako kama ulivyoyasema. Aliifungua. Amejibu. Kalamu haitaki, lakini sitakuficha:

"Nimeiona. Ni kweli ni kwetu, mawe yale niliyapanga mimi. Baba yuko peke yake. Kwa hiyo hata hapo mlimnyima. Mlikula mchango wa kumpandisha mlimani mkamtupa huko mjini kama mtu asiye na mtoto. Alikuwa na mtoto. Mmemzika wapi mama yangu? Niambieni wapi tu, sitawashtaki."

Nilimjibu, nikamweleza upya kwa urefu, nikaapa. Ameandika neno moja: "Wapi?" Kila nikimwambia u hai anauliza hilo hilo. Naogopa nikiendelea atafunga na mlango huu.

Sijui tena, mama. Nisamehe.

Irine


Myamba,
27 Oktoba 2024

Mwanangu Irine,

Marahaba. Vuli imeanza kuchungulia, tunasafisha mifereji. Dume tumeliuza. Mguu sasa hata kushuka haupendi, na Mzee Asheri amenichongea fimbo.

Barua yako nimekaa nayo sana. Ile picha ilikuwa akili yangu mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Nilidhani namwonyesha kwamba sijazikwa, kumbe nilimwonyesha kwamba nimetupwa.

Kisha nikaisoma tena. Mtoto hana viatu, anaishi kwa kujificha, na anachogombania ni kwamba mama yake alazwe mahali pake. Anawaambia wezi hatawashtaki, wamwonyeshe tu. Huyo nilimzaa mimi, Irine. Nimejivunia na nimeumia kwa pamoja, na vyote viwili havilaliki.

Usimwambie tena kwamba niko hai. Kila tukimwambia hivyo anasikia mwizi, na anafiwa upya. Mwandikie mara moja tu, usiweke jina lako: "Mama yako yuko nyumbani, Myamba. Njoo uone mwenyewe." Hata akituona wezi, sio uongo. Halafu unyamaze. Akiandika, soma, uninakilie, usijibu.

Huyu hawezi kukaa miaka yote bila kulitafuta kaburi la mama yake. Atauza hata shati, lakini atakuja. Sijui lini. Mimi ni mtu mzima na kifua kimeanza, wewe usiniambie nitaishi sana.

Naomba tu akija asilikute kaburi.

Mama yako mkubwa,
Yudith